Swichi Juu ya Kitanda cha Baba Mkwe

Sauti ilikuwa ndogo, mmmmm, kama ya nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Nilifumbua macho nikasikiliza. Giza lilikuwa bado, jogoo wa jirani hajawika, na manyunyu yaligusa mabati taratibu. Irakoze, binti yangu wa miaka minne, alikuwa amelala kifuani kwangu. Mwanzoni nilidhani ni yeye, maana alikuwa na kikohozi. Nikaweka sikio mgongoni mwake. Hapana. Sauti ilitoka juu.

"Danstan," nikamgusa mume wangu. "Pangaboi linalia."

"Limezimwa."

"Najua limezimwa, nimelizima kwa mkono wangu. Linalia."

Akawasha tochi ya simu akamulika dari. Sisi hatuna dari, ni mbao za kenchi na mabati tu, na katikati yake lile pangaboi lilikuwa linaning'inia, mapanga yake matatu yametulia tuli. Akamulika ukutani. Swichi imeelekea juu, upande wa kuzima.

"Upepo huo," akasema. "Au popo. Mama Irakoze, hayo masomo ya jioni yatakuua kwa mawazo."

Akacheka peke yake, akaanza kutafuta suruali. Zamu yake ya Jumapili inaanza mapema. Yeye ni mlinzi na fundi wa kila kitu kwenye gesti moja pale njia panda ya Nyakanazi, na sisi tunakaa nje kidogo ya mji, kwenye kiwanja cha baba yake. Nilisikia pikipiki ya rafiki yake Modestus ikimchukua barabarani. Sauti ya pikipiki ikaisha, ile nyingine ikabaki. Mmmmm. Nikamvuta mwanangu karibu zaidi, nikalala macho wazi hadi dirisha likawa jeupe.

Lile pangaboi lilitoka huko huko gesti. Walikuwa wanabadilisha vyumba, wakaweka mapya, la zamani Danstan akapewa. Alilileta amelipakata kama mtoto. Majirani walicheka, wakasema sasa tumekuwa wazungu, tutapepewa tukiwa tumelala. Lakini mimi nilifurahi. Jua la mchana likiiva juu ya mabati yetu, chumba kinakuwa tanuri, na Irakoze analala usingizi wa jasho. Nilijiona nasoma kitabu changu mezani jioni, upepo unageuza kurasa, mtoto amelala vizuri. Mimi ni mtu wa kutumaini vitu haraka.

Walilifunga Jumamosi, yeye na Modestus. Modestus ni bodaboda, lakini ana bisibisi ya testa, na mwenye testa huku kwetu anaitwa fundi. Ukutani tulikuwa na swichi moja ya taa. Wakaitoa, wakaweka ya vitufe viwili, kimoja cha taa na kimoja cha pangaboi. Shida ilikuwa nyaya. Umeme wetu unatoka nyumba kubwa, kwa baba mkwe, unapita juu ya migomba kwa waya wa nje uliobaki kwenye ujenzi wa mtu, na ndani yake nyuzi zote mbili ni nyeusi. Hakuna nyekundu wala bluu ya kukuambia huu una moto na huu hauna.

"Nipime kwa testa," Modestus akasema. Lakini ilikuwa saa sita, jua linaingia dirishani na mlangoni, na kile kitaa cha ndani ya testa hakionekani kwenye mwanga kama huo. Akaifunika na kofia, akachungulia. Akaifunika na kiganja, akachungulia tena.

"Imewaka?" Danstan akauliza.

"Kama imewaka."

"Kama imewaka ndiyo nini, Modestus?"

"Imewaka, bwana. Unganisha huu kwenye swichi, na ule peleka juu moja kwa moja."

Mimi nilikuwa mlangoni na beseni la maharage. Nikasema, si mzime kwanza meni swichi? Wote wawili wakanitazama kama nimetukana. Modestus akavua viatu, akavaa kandambili za Danstan, akasema mpira hauruhusu umeme kupita.

Nilijua kwa nini wamenitazama hivyo. Meni swichi ipo chumbani kwa baba mkwe. Siku umeme ulipoletwa, mafundi walitaka kuiweka sebuleni, mzee akakataa. Alisema kitu cha thamani hakikai mahali wageni wanapopita. Akaonyesha kwa fimbo yake ukuta wa chumbani, juu ya kitanda, upande anaoweka kichwa. Ikafungwa hapo. Mchana ule wa Jumamosi mzee alikuwa amejilaza, redio yake inasoma matangazo ya vifo, na hakuna wa kumwambia azime umeme, akose jina la mtu wake. Kwa hiyo walifanya kazi umeme ukiwa unapita. Pangaboi wakalitundika kwa waya wa kufungia nondo, wakauzungusha kwenye mbao ya kenchi, ncha zake zikapenya juu zikashika msumari wa bati. Danstan alisema hivyo ndivyo litakavyokaa imara.

Likazunguka. Tulipiga makofi. Irakoze alisimama chini yake akiwa amefungua mdomo, kana kwamba upepo unanywewa.

Sasa asubuhi hii ya Jumapili nilikuwa nalitazama likiwa limesimama na bado linalia, na maneno ya mwalimu wetu wa madarasa ya jioni yakanijia. Tunasomea kwenye shule ya msingi, sisi watu wazima tunaorudia kidato cha nne, tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagonga. Mwalimu alisema swichi ni mlango. Ukifunga mlango wa mbele, umeme unabaki nje. Ukikosea ukafunga wa nyuma, kifaa kinazimika, wewe unaona kimezimika, kumbe umeme umeshaingia, umo ndani, unasubiri mtu wa kuutoa. Siku ile niliandika tu. Sikuwa najua nimejifunza kiasi cha kuogopa na si kiasi cha kutengeneza.

Kulipopambazuka nikatoka nje. Wazazi walikuwa wanajiandaa kwenda kigangoni. Baba mkwe alisimama uani na koti lake la Jumapili, kofia mkononi. Nikainama kidogo mbali naye, kama inavyotakiwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mtoto ameamkaje?"

"Kikohozi kimepungua, baba."

Ni mtu mwema. Niseme hivyo kabisa. Alitoka Kibimba kule Ngara akiwa kijana, akaja na mbegu za migomba na mila zake, vyote akavipanda hapa vikashika. Kwake mkamwana haketi kiti cha baba mkwe, haongei naye uso kwa uso jambo refu, na chumbani kwake haingii, hata nyumba iwe inaungua. Hata jina lake, Ildefonce, mimi silitamki. Chumba chenyewe hakina mlango, kina pazia tu la maua mekundu. Nimefagia sebule ile tangu nilipoolewa, na kila nikifika kwenye pazia nafagia nikiwa nimegeuza uso.

Basi nikamwendea mama mkwe, Mama Nimpaye, aliyekuwa anajifunga kitenge.

"Mama, pangaboi linalia na limezimwa. Naomba baba azime meni mpaka Danstan arudi."

Mama akageuka. "Baba Danstan, mkamwana anasema uzime umeme, pangaboi lao linaimba."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mwambie likiimba wimbo wa Bwana litusubiri, tunarudi. Simu yangu iko kwenye chaji, ilikufa tangu jana. Na umwambie umeme usipouchokoza haukuchokozi."

"Umesikia," mama akaniambia, japo nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Akanishika bega. "Tukirudi tutazima, mwanangu. Ibada ya leo ni ya katekista, haichelewi. Chemsha chai, tutakuja naye."

Wakaondoka. Nikabaki na ua mzima, na manyunyu.

Nilikwenda kuanua kanga niliyoisahau kwenye kamba. Kamba yetu ya nguo ni waya, upande mmoja umefungwa kwenye mti, upande mwingine kwenye msumari wa mabati ya nyumba yetu. Kanga ilikuwa imelowa chepechepe. Nilipoishika, kitu kiliniuma. Sijui niseme nini kingine. Kiliuma vidole, kikapanda hadi kiwiko, mkono ukajirudisha wenyewe kabla sijaamua. Nikabaki nimeshikilia mkono wangu kama si wangu.

Nikatazama waya. Nikafuata kwa macho mpaka kwenye msumari, mpaka kwenye bati, ambalo kwa ndani ule waya wa pangaboi umeshika msumari wake. Bati moja limelalia lingine, nyumba nzima. Kwenye ukingo wa bati kuna mfereji Danstan alioukunja mwenyewe, umefungwa kwa waya ule ule, unashuka hadi kwenye mdomo wa pipa la chuma tunalokingia maji. Pipa liko mlangoni kwetu. Lilikuwa likijaa usiku kucha, na tangu nilipotoka ndani lilikuwa limefurika, dimbwi limetanda mbele ya mlango wote, kutoka ukutani hadi kwenye bustani ya mchicha.

Na mlango ulikuwa unafunguka.

Irakoze alisimama kwenye kizingiti, miguu mitupu, gauni la kulalia limepanda upande mmoja, anasugua macho. Kila asubuhi hufanya jambo moja. Hutoka, hupanda tofali alilowekewa na baba yake kando ya pipa, na kunawa uso mwenyewe, kwa sababu yeye ni mkubwa.

"Simama hapo!"

Alishtuka. Sijawahi kumfokea hivyo. Mdomo ukaanza kupinda.

"Simama hapo hapo, mama. Usishuke. Usiguse maji."

"Nataka kunawa."

"Utanawa. Subiri kwanza. Kaa chini, kaa hapo kwenye kizingiti, miguu ndani."

Nikasogea kumchukua. Nilikuwa na kandambili zilizolowa. Nilipoweka mguu wa kwanza kwenye ukingo wa dimbwi nilihisi sisimizi, wengi, wakipanda ndani ya nyama ya mguu. Nikarudi nyuma. Nikazunguka dirishani: nondo. Nyumba yetu haina mlango mwingine. Nikarudi mbele nikamkuta ameshanyoosha mguu mmoja, kidole gumba kinatafuta maji.

"Irakoze!"

Akaurudisha. Sasa alikuwa analia kimya kimya, na mtoto wangu akilia anataka jambo moja tu, kuja kwangu. Nikaona wazi, kama mtu anayesoma ubaoni. Nikisimama hapa na uso wangu huu wa hofu, atanijia. Nikiondoka, atanifuata.

"Francisca!" nikaita. "Francisca, njoo! Njoo upesi!"

Jirani yangu akatokea kwenye ua wa minyaa, mwiko mkononi. Francisca ni mtu wa maneno mengi lakini nilipomwambia alisikia mara moja.

"Maji yana umeme? Yeee! Haya ya mvua?"

"Yana umeme. Usikanyage. Simama hapo ulipo, muongeleshe. Asishuke, Francisca. Nakuomba, asishuke."

"Na wewe unakwenda wapi?"

"Kuzima meni."

Akanitazama. Alijua ilipo. Mtaa mzima unajua, mzee mwenyewe huwasimulia.

"Chumbani kwa mkweo?" Akashusha sauti kama vile kuna anayesikia. "Mama Irakoze, hapana. Piga simu. Mpigie mumeo."

Nilipiga. Simu ya Danstan iliita ikakatika, ikaita ikakatika. Ya mama mkwe haikupatikana, huizima akiingia ibadani. Nikapiga ya mzee, na nilikuwa nimeshafika kwenye mlango wa nyumba kubwa niliposikia ikilia. Ililia ndani, nyuma ya pazia la maua mekundu, muziki wake wa kwaya, juu kabisa. Nilikuwa nimesahau kuwa ipo kwenye chaji.

Nilisimama mbele ya pazia. Nyuma yangu, kule uani, Francisca alikuwa anasema kwa sauti ya furaha ya uongo, "Haya Irakoze, nihesabie kuku wangu, huyu wa kwanza nani?" na mwanangu analia tu. Mtu akiniuliza leo nilifikiri nini pale, nitasema nilifikiri kuhusu mama yangu mzazi. Aliniambia siku ya kuolewa, ukiivunjia heshima nyumba ya watu, mwanangu, usirudi kwangu kunieleza. Nikafikiri kuhusu yule mke wa jirani yetu wa zamani aliyesemwa mpaka akarudishwa kwao kwa kosa dogo kuliko hili. 

"Irakoze! Irakoze, hapana, rudi!" Hiyo ilikuwa sauti ya Francisca, na haikuwa ya uongo tena.

Nikasukuma pazia.

Chumba kilinuka ugoro na dawa ya kuchua. Kulikuwa na giza, dirisha limefungwa. Niliona vitu ambavyo sikupaswa kuviona, kaptula ya mzee kwenye msumari, miwani iliyovunjika mguu, mkufu wa rozari, gauni la ndani la mama mkwe lililokunjwa vizuri. Vitu vya watu wawili waliozeeka pamoja. Nikaona aibu ya kunichoma uso. Na meni swichi ilikuwa juu, juu zaidi ya nilivyodhani, mafundi waliifunga kwa kimo chao na kitanda kikasukumwa chini yake. Nilinyoosha mkono nikiwa nimesimama pembeni. Haukufika. Nikavuta kitanda. Kitanda cha mninga, hakikutikisika.

Nikapanda. Nilipanda kitanda cha baba mkwe na miguu yangu ya tope, kwenye shuka lake jeupe la Jumapili, nikasimama pale anapoweka kichwa, nikashika mkono wa ile swichi na kuushusha. Tap. Kile kitaa cha chaji kwenye simu kikazimika.

Sikumbuki kushuka. Nakumbuka ua, na Irakoze amesimama nje ya kizingiti, kwenye ukingo mkavu wa msingi, upana wa kiganja, Francisca akiwa amenyoosha mwiko mbele kama anaweza kumzuia nao. Nilikanyaga dimbwi. Maji tu, ya baridi, matope tu. Nikambeba nikamkumbatia hadi akasema namuumiza.

Tulikaa kwenye mawe ya jiko la Francisca. Kisha yeye, ambaye habari haimkai mdomoni, akasema, "Mimi sijaona kitu. Kafue lile shuka, ulianike kwangu. Swichi uirudishe ilivyokuwa, na mambo yaishe."

"Nikiirudisha, umeme unarudi kwenye paa."

Akageuka kutazama bati letu. Hakuwa amefika huko.

Mimi nilikuwa nimefika, na hilo ndilo lililokuwa linanitesa. Nikinyamaza, mzee ataingia chumbani kufuata simu yake, ataikuta swichi imeshuka, ataipandisha. Wala hataniuliza. Dawa ilikuwa moja, kukata nyaya za pangaboi kabla hawajarudi. Nikamweka Irakoze kwa Francisca, nikaingia kwetu, nikapandisha stuli juu ya meza. Nilikuwa nimeshika kisu, natafuta pa kukanyaga, niliposikia wimbo wa kutokea ibadani ukija barabarani, sauti ya mzee na ya katekista, na kicheko cha mama. Mapema mno. Chai sijachemsha.

Nikashuka. Nilidhani nina muda. Nilidhani nitamvuta mama pembeni nimnong'oneze. Lakini katekista aliingia akinisalimia kwa furaha, ananipongeza kwa masomo, anauliza nafikiria kusomea nini, na desturi ni desturi, mgeni ananawishwa mikono. Nikachukua jagi na bakuli, nikapiga magoti mbele yake sebuleni. Mama mkwe alikuwa anapanga vikombe. Mzee akapitiliza moja kwa moja hadi kwenye pazia.

"Simu haijajaa," tukamsikia. Kisha, "Meni imeshuka." Halafu, "Nani amekanyaga kitanda changu?"

Katekista aliondoa mikono juu ya bakuli. Mama mkwe akageuka taratibu akanitazama, usoni, halafu miguuni. Tope lilikuwa limekauka hadi kwenye vifundo. Nikaona anaelewa, na nikaona uso wake ukibadilika, si kwa hasira. Kwa huruma. Mama Nimpaye ananipenda, na katika kunipenda kwake akafanya jambo baya kuliko yote ya siku ile.

"Ni mimi!" akamwambia mumewe kwa sauti ya kawaida kabisa. "Nilizima tulipokuwa tunatoka, niliogopa radi. Nikapanda na viatu, nisamehe."

"Radi ya manyunyu!" mzee akacheka kule ndani. "Wewe mwanamke. Haya, nawasha."

Nikasikia kitanda kikilia, anapanda.

Mlango wa sebule ulikuwa wazi nyuma ya kiti cha katekista. Kupitia hapo niliona ua wote hadi kwetu. Nikamwona Francisca kwenye minyaa, amegeuka anaongea na mtu wa upande wa pili. Na nikamwona Irakoze. Alikuwa juu ya tofali, kando ya pipa, amejikunja tumbo kwenye ukingo wa chuma, mikono yote miwili imezama majini mpaka kwapani. Aliambiwa atanawa, na alikuwa amesubiri vya kutosha.

Nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Hilo nitaliota mpaka nizeeke. Mdomo wazi, jagi mkononi, na ndani kitanda kinalia chini ya uzito wake. Uongo wa mama ulikuwa umenifunika vizuri, ningeweza kukaa chini yake maisha yangu yote.

"Usiwashe!" Sauti ilitoka kubwa, mbaya, si ya mkamwana. "Baba, usiwashe! Ni mimi! Ni mimi niliyepanda kitanda chako! Ildefonce, usiwashe!"

Bakuli likaanguka. Nilikuwa nimeshatoka nje, nakimbia, na kila hatua nilikuwa nasikiliza nyuma yangu ile tap. Katikati ya ua nikapunguza mwendo. Niliogopa kumfikia. Niliogopa kumgusa nikakuta nini. Nikasimama.

Ile tap haikuja. Kisha nikasikia kandambili za mzee kwenye sakafu ya sebule, kwenye ngazi, kwenye changarawe. Alisimama karibu nami kuliko alivyowahi kusimama, shuka lenye nyayo zangu likiwa limekunjamana mkononi mwake, na kifua chake kinapanda na kushuka. Hakunitazama. Alitazama pipa, kisha mfereji, kisha bati, kisha waya wangu wa nguo, kama mimi nilivyofuata asubuhi, kimoja baada ya kingine.

Irakoze aliinua kichwa akatuona wote tumesimama, akatoa mikono majini, matone yakimchuruzika viwikoni.

"Babu, maji ni ya baridi," akasema.